Haut-Katanga: Mgodi ukifungwa, maji huendelea na kazi chini ya ardhi

Mjini Lubumbashi, kwenye komini za Katuba, Kenya na Ruashi, bidoni za njano hupangwa mstari mbele ya foraji tangu alfajiri. Wenye bomba la Regideso hushukuru siku linapotoa maji. Wengine hutegemea visima vya uani na foraji za makanisa, za shule au za jirani mwenye uwezo. Hata sehemu kubwa ya maji ya Regideso yenyewe hapa mjini hupandishwa kwa pampu kutoka chini ya ardhi.

Maji hayo hukaa ndani ya mwamba. Na mwamba huo ni wa familia moja na ule ambao kwa zaidi ya miaka 100 umetobolewa kutafuta shaba, kobalti na zinki, na huko Shinkolobwe, urani.

Mambo ya vumbi, moshi wa viwanda na mito yenye rangi ya ajabu huzungumzwa sana katika jimbo la Haut-Katanga, kwa sababu yanaonekana. Kinachotokea mita 200 au mita 1,000 chini hakionekani. Mtu anaweza kuishi juu ya mgodi wa zamani miaka 40 bila kujua kama maji ya chini yanapanda, yanashuka, au yanabadilika ladha kidogo kidogo. Lakini kazi hiyo ya chini ina kanuni zake, na Katanga ina mifano yake, mingine ikiwa umbali wa nusu saa kwa gari.

Mwamba wenye mapango

Sehemu kubwa ya kusini ya Katanga imekaa juu ya matabaka ya dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa. Tabaka moja maarufu linaitwa Kakontwe, jina ambalo wakaaji wa Likasi wanalijua kwa sababu ya machimbo ya chokaa. Maji ya mvua yanapopita kwenye udongo hubeba hewa ya kaboni na kuwa na ukali mdogo sana, mdogo kuliko wa ndimu, lakini wa kutosha kula jiwe hilo polepole. Kwa maelfu ya miaka, ufa mwembamba unakuwa mfereji, na mfereji unakuwa pango.

Kwa mchimba kisima, mwamba huo ni baraka: akigonga ufa mzuri, foraji itatoa maji mengi mpaka mwisho wa kiangazi. Kwa mchimba madini ni adui. Kila mita anayoshuka anafungua mlango mwingine wa maji, kwa hiyo mgodi wa chini huko Katanga ni kwanza kiwanda cha kupampu maji, halafu ndipo unakuwa mgodi.

Watoto wanaocheza kando ya mto wanajua jambo hili. Chimba shimo kwenye mchanga uliolowa, teka maji yake kwa kopo bila kuacha, na mchanga wa pembeni nao utakauka. Pampu ya mgodi hufanya hivyohivyo kwa kipimo kikubwa. Kiwango cha maji hushuka kuzunguka shimo kwa umbo la funeli, chini kabisa karibu na mgodi na kidogo zaidi mbali nao. Mwenye kisima cha mita 15 aliye ndani ya funeli hiyo ataamka siku moja akute tope. Atasema mvua imepungua. Pengine kweli imepungua, pengine siyo.

Kipushi: pampu moja ilipoharibika

Mfano wa karibu zaidi ni Kipushi, kilomita 30 hivi kusini-magharibi ya Lubumbashi, mpakani na Zambia. Mgodi huo ulifunguliwa mwaka 1924 na Union Minière du Haut-Katanga kwa jina la Prince Léopold, baadaye ukawa wa Gécamines. Kati ya 1924 na 1993 ulitoa tani milioni 60 hivi za mawe yenye madini, ambamo zilipatikana takriban tani milioni 6.6 za zinki na milioni 4 za shaba, pamoja na risasi na jermaniumu. Kwa utajiri wa jiwe lake, ni migodi michache duniani iliyolingana nao.

Mwaka 1993 Gécamines, iliyokuwa imelemewa na madeni na uzalishaji ulioanguka, ilisimamisha kazi Kipushi. Wachimbaji walipanda juu. Pampu hazikuweza kupanda. Kwa miaka 18 ziliendelea kufanya kazi chini huko, bila jiwe hata moja la kuuza, kwa sababu kuziacha kulikuwa na maana ya kupoteza mgodi wote.

Mwaka 2011 pampu kuu ya ngazi ya mita 1,200 iliharibika. Maji hayakungoja mkutano. Yalijaza vyumba vya chini na kupanda ngazi baada ya ngazi mpaka mita 851 chini ya uso wa ardhi, yaani yalipanda mita 350 hivi. Mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ya Canada, Ivanhoe Mines, ilinunua hisa kubwa katika Kipushi, Gécamines ikibaki mshirika, na kazi ya kwanza ya wamiliki wapya ilikuwa kutoa maji. Ilichukua mpaka mwishoni mwa 2013 kuifikia tena ngazi ya mita 1,150. Juni 2024, miaka 31 baada ya kufungwa, kiwanda kipya cha Kipushi kilitoa zinki yake ya kwanza.

Watu wengi wanasimulia habari hii kama ushindi wa mashine, na kwa upande mmoja ni haki yao. Kwa mtaalamu wa maji ina somo jingine: inaonyesha kasi ambayo mwamba wa dolomiti unarudisha maji pale pampu inaposimama, na muda ambao binadamu anahitaji kuyaondoa tena. Inaonyesha pia kwamba maji ya mgodi na maji ya mji si vitu viwili tofauti. Huko Kipushi mgodi unahudumia hata kituo cha maji ya kunywa cha mji. Na mto Kafubu, unaopita kusini ya Lubumbashi kuelekea Luapula, huanzia upande uleule.

Ardhi inapokosa mto wa kulalia

Kuondoa maji kuna hatari ambayo watu wa Katanga hawajaiona sana, lakini ndugu zao wa kusini wameiona. Juu ya dolomiti yenye mapango kuna udongo mnene. Mara nyingi udongo huo umejiegemeza juu ya pango kama dari la tanuru la matofali, na maji yaliyojaa pangoni husaidia kuushikilia. Maji yakishushwa, dari linabaki peke yake. Mvua kubwa ikinyesha au bomba likivuja juu yake, udongo unamwagikia chini na shimo linafunguka bila onyo.

Tarehe 12 Desemba 1962, kwenye mgodi wa West Driefontein, magharibi ya Johannesburg nchini Afrika Kusini, shimo la namna hiyo lilimeza jengo zima la kusaga mawe. Watu 29 walikufa. Mgodi ulikuwa umeanza kukausha dolomiti iliyo juu yake miaka michache kabla, ili uchimbe dhahabu kwa usalama. Hakuna mtu aliyekuwa anachimba chini ya jengo hilo. Maji tu ndiyo yaliyoondolewa.

Upande wa Zambia kuna funzo lingine, karibu sana na mpaka wa Mokambo. Usiku wa tarehe 25 Septemba 1970, huko Mufulira, tope la mabaki ya kiwanda lililohifadhiwa juu ya ardhi lilipenya ndani ya mgodi wa chini na kuua wachimbaji 89. Uchimbaji wa pale uliacha mwamba wa juu uporomoke wenyewe kadiri madini yalivyotolewa. Miporomoko hiyo ilipanda kidogo kidogo mpaka ikalifikia tope.

Kongo yenyewe ina Kamoto. Septemba 1990, sehemu ya kati ya mgodi wa chini wa Kamoto, Kolwezi, iliporomoka, na pigo hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoizamisha Gécamines. Katika mgodi wa namna ile wachimbaji huacha nguzo za mwamba zishikilie dari. Nguzo zikipunguzwa, au zikilainishwa na maji na miaka, mzigo wa nguzo moja unahamia kwa jirani yake, naye akishindwa anampitishia wa tatu. Matabaka ya juu yanapinda, yanapasuka, na kila ufa mpya ni njia mpya ya maji.

Hatari hizi hazimaanishi kwamba Kipushi itamezwa kesho. Madini ya Kipushi yamesimama wima karibu na ufa mkubwa wa kijiolojia, hayakulala kama mkeka, na siku hizi vyumba vinavyochimbwa hujazwa tena kabla ya kuendelea. Lakini yeyote anayejenga nyumba ndani ya funeli ya mgodi ana haki ya kuonyeshwa ramani yake.

Makaa ya mawe: mkeka chini ya nyumba

Lubumbashi mtu akisema makala, anamaanisha yale ya miti, ya kuweka kwenye mbabula. Makaa ya mawe ni kitu kingine, na Katanga ya zamani inayo: Luena, kwenye reli kati ya Lubudi na Bukama, leo jimbo la Haut-Lomami, na bonde la Lukuga karibu na Kalemie, jimbo la Tanganyika. Ya Luena yalichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya viwanda. Umeme wa SNEL unapopungua, mazungumzo ya kuyarudia huwa yanasikika tena.

Makaa hulala kwa matabaka mapana, kama mkeka uliofunikwa na mikeka mingine ya mawe ya mchanga na udongo mgumu. Ukivuta mkeka mmoja wa chini, ya juu yote inazama. Nyufa zinaweza kupanda mara nyingi zaidi ya unene wa tabaka lililotolewa. Kama juu yake kuna jiwe la mchanga lenye maji, maji hayo yanaporomokea mgodini, na chemchemi iliyokuwa inalisha kijiji inakauka ingawa hakuna aliyeigusa.

Halafu kuna piriti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu ya uongo, ambayo hupatikana mara nyingi ndani ya makaa na pia ndani ya mawe ya shaba na zinki. Ikiwa imefungwa ndani ya mwamba haina neno. Ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa, asidi inayeyusha metali, na maji yanatoka na kutu ya rangi ya machungwa. Ni kutu hiyo inayotambulisha mito ya maeneo ya makaa duniani kote.

Hapa Katanga ina bahati moja. Dolomiti huzimisha asidi, kama vile majivu yanavyozimisha ukali. Maji yanayopita ndani yake hurudi kuwa ya kawaida, na chuma na shaba nyingi hukwama njiani. Lakini bahati hiyo ina mipaka. Zinki hubaki ndani ya maji hata asidi ikiisha. Na urani ina tabia yake peke yake.

Shinkolobwe: rangi zilizochorwa na maji

Shinkolobwe iko kilomita 20 hivi kutoka Likasi, zaidi ya kilomita 100 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyefanya kazi ya Union Minière, aliona hapo mawe ya rangi kali ya manjano. Baadaye wanasayansi waliyapa majina ya watu wa radioaktivu: kuriti kwa heshima ya Curie, bekereliti kwa Becquerel, sklodowskiti kwa Marie Skłodowska-Curie. Moja lilipewa jina la mahali penyewe, Kasolo: kasoliti.

Historia inayojulikana ni ya bomu. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha tani 1,200 hivi za mawe ya Shinkolobwe na kuyahifadhi Staten Island, New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Baadhi ya mawe hayo yalikuwa na asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati sehemu nyingi za dunia huchimba leo jiwe lisilofika asilimia 1. Mgodi wenyewe ulikuwa umefungwa tangu 1937 na kujaa maji. Wahandisi wa jeshi la Marekani walikuja kuyatoa ili kazi ianze tena. Tarehe 6 Agosti 1945 dunia ikajua kilichotengenezwa kwa urani hiyo.

Historia isiyosimuliwa sana ni ya yale mawe ya manjano. Urani ya asili, ile nyeusi na nzito iliyokaa chini pasipo hewa, karibu haiyeyuki katika maji. Inaweza kulala kwa mamilioni ya miaka bila kuhama. Hewa ikishuka pamoja na maji ya mvua, urani hubadilika hali yake, huyeyuka, husafiri, kisha hutulia tena mahali pengine kama madini ya manjano, ya kijani au ya machungwa. Rangi alizoziona Sharp zilikuwa kazi ya maji ya chini ya ardhi, iliyofanywa kabla ya mtu yeyote kuchimba. Yaani Shinkolobwe yenyewe ilikwisha kuonyesha nini hutokea urani inapokutana na maji yenye hewa.

Mgodi hufanya kazi hiyohiyo haraka. Pampu ikishusha maji, hewa inaingia mahali ambapo haikuwahi kufika. Mwamba unapovunjwa kuwa vipande, eneo linaloguswa na maji huongezeka mara nyingi sana. Na hapa ndipo dolomiti, iliyosaidia kuzimisha asidi, inageuka. Maji yaliyopita ndani yake hubeba bikaboneti, na bikaboneti hushikana na urani na kuibeba mbali, hata katika maji safi kwa macho, yasiyo na asidi wala kutu. Mtu hawezi kuyatambua kwa ladha wala kwa harufu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 30 za urani kwa lita. Watu wengi huogopa mionzi peke yake, lakini kwa urani iliyoyeyuka katika maji, figo ndizo huumia kwanza, kwa sumu ya metali yenyewe. Pembeni yake kuna radiumu, mtoto wa urani, ambayo nusu yake huisha baada ya miaka 1,600, na gesi ya radoni inayojikusanya ndani ya mashimo yasiyopitisha hewa.

Mwaka 1960, kabla ya uhuru, mgodi ulifungwa na midomo ya mashimo ikazibwa kwa zege. Zege huzuia mtu kuingia. Maji hayahitaji mlango. Hupita pembeni, ndani ya nyufa.

Ajabu ni kwamba kuacha mgodi wa urani ujae maji si jambo baya kila mara. Chumba kilichozama kabisa hupata hewa kidogo, na urani iliyobaki hutulia. Sehemu mbaya ni ile inayolowa masika na kukauka kiangazi, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kila msimu huiletea hewa mpya na kila mvua huisafisha. Ni sehemu hiyohiyo ya juu ambayo kreseri waliifungua tena mwishoni mwa miaka ya 1990, wakitafuta kobalti kwa sururu na kamba. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitia saini amri ya kufunga eneo hilo. Julai mwaka huo sehemu yake iliporomoka na kuua watu 8. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, wa mashirika ya UNEP na OCHA, ulifika miezi michache baadaye na kuonya kwamba mahali pote pangeweza kuporomoka zaidi.

Kwa mkaaji wa Lubumbashi jambo moja linafaa kusemwa wazi, kwa sababu uvumi ni mwingi. Maji ya Shinkolobwe huelekea upande wa mto Lufira, wakati ya Lubumbashi huelekea Kafubu na Luapula. Foraji ya Katuba hainywi Shinkolobwe. Wa kwanza kuhusika ni vijiji vilivyo upande wa chini wa mgodi, kwenye vijito na visima vya karibu. Lakini urani haikubaki Shinkolobwe tu. Huonekana kwa kiasi kidogo katika mawe mengi ya shaba na kobalti ya Katanga, na jiwe hilo ndilo linalochimbwa, kusagwa na kurundikwa hata pembeni ya miji.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wakiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu 351 wa kusini mwa Katanga. Walioishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na metali nyingi zaidi mwilini kuliko walioishi mbali. Kobalti ndiyo iliyoshangaza dunia. Katika orodha hiyohiyo, iliyosomwa na wachache, urani nayo ilikuwemo. Kipimo cha mkojo hakisemi metali ilipitia maji, vumbi au chakula. Ndiyo maana maji yanahitaji kupimwa kwa upande wake.

Siku ya mwisho ya pampu

Karibu na Krugersdorp, Afrika Kusini, migodi ya dhahabu ilianza mwaka 1952 kutoa urani pia. Pampu za mwisho za bonde hilo zilizimwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Wengi walidhani habari imekwisha. Maji yalikuwa yanajaza vyumba vya chini kimyakimya, yakiosha piriti na urani zilizobaki kwenye kuta. Mwaka 2002 yalitokea juu ya ardhi kupitia mashimo ya zamani, yenye asidi na metali, yakaingia kijito kinachoelekea hifadhi ya wanyama. Serikali ililazimika kusafisha maji ya makampuni ambayo mengine yalikuwa hayapo tena.

Konkola, mjini Chililabombwe, ng'ambo tu ya Kasumbalesa, inajulikana kuwa kati ya migodi yenye maji mengi zaidi duniani. Hupampu takriban mita za ujazo 300,000 kwa siku. Mwamba wake ni wa familia ya Katanga, na mpaka uliochorwa na Wazungu juu ya ardhi hauna maana yoyote kwa maji ya chini. Siku pampu za Konkola zitakaposimama, maji hayataulizwa pasipoti.

Sheria ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inadai uchunguzi wa mazingira kabla ya kuchimba, dhamana ya fedha kwa ajili ya kutengeneza ardhi baadaye, na inaiwajibisha kampuni kulipa madhara iliyoyaleta hata kama haikufanya uzembe. Kwenye karatasi ni sheria kali. Lakini kufukia shimo na kupanda miti juu ya rundo la mchanga ni gharama inayohesabika. Kuendesha pampu kwenye kina cha mita 1,200, au kusafisha maji yanayotoka kwa miaka 50, ni hesabu ya aina nyingine, na anayepaswa kuifanya ni mtu ambaye hatakuwepo kulipa. Kati ya 1993 na 2011 Kipushi ilibebwa na kampuni ya Serikali iliyokuwa haina kitu mfukoni. Hilo halikuandikwa katika dhamana yoyote.

Kinachokosekana zaidi si mashine kubwa. Ni visima vya kuchungulia, vyembamba, visivyo vya kunywa, vinavyochimbwa kuzunguka mgodi kabla ya kazi kuanza, ili kiwango na ubora wa maji viandikwe kila mwezi kwa miaka mingi, na daftari hilo liwe wazi kwa wakaaji. Bila kipimo cha kabla, kampuni itasema kisima kilikauka kwa sababu ya mvua, mkaaji atasema ni mgodi, na hakimu atakuwa hana la kushika.

Kwa familia yenye foraji kuna machache ya kufanya leo. Anayechimba aulizwe aache maandishi: kina, mawe yaliyopitwa, mahali maji yalipogongwa. Kiwango cha maji kipimwe kwa kamba yenye uzito mwisho wa kiangazi na tena mwisho wa masika, kila mwaka wakati uleule. Kifaa kidogo cha kupima asidi na chumvi za maji hakisemi kama kuna urani, lakini kinaonyesha kama kitu kimebadilika, na hapo ndipo sampuli inapelekwa maabara. Na kuna kosa moja linalorudiwa katika nyumba nyingi: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji yakipungua kwenye sufuria, metali inabaki palepale, katika maji machache zaidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi.

Huko Kipushi, pampu hazizimwi, usiku na mchana. Kutoka mita 1,200 chini, maji yanapandishwa juu ya ardhi na kuachiwa yaende zake. Mgodi mpya umepangiwa miaka kadhaa ya kazi. Zinki itakapokwisha, ngazi zile zitaanza kujaa tena, na mkataba wa zamu ya mwisho bado haujaandikwa jina.